Aliyeambiwa Akaote Moto

Masomo ya kutafakari: Yakobo 2:14–17, Matendo ya Mitume 28:1–10, 2 Timotheo 4:9–21



Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya Waraka wake, anatuchorea mtu asiye na nguo wala riziki ya siku hiyo, ambaye amefika mbele ya mwamini mwenzake. Mwenzake anampokea kwa maneno matamu. Anamtakia amani, anamtakia apate moto wa kuota, anamtakia ashibe. Kisha anamwacha aende zake vile vile alivyokuja. Mtume anauliza: yamemfaa nini maneno hayo?

Sisi tulio katika nchi za jua tumezoea kulihubiri lile neno la shibe, kwa maana njaa twaijua. Lakini lile neno la kuota moto twalipita upesi, kama abiria apitavyo kituo kisichokuwa chake. Walio Makete na Njombe, Lushoto na Limuru, hulielewa kidogo inapofika Juni na Julai. Sisi wengine tunalisoma kana kwamba Mtume aliliongeza ili kuipendezesha sentensi yake.

Leo naomba tukae na neno hilo. Na ili tulielewe, sina budi kuwapeleka mahali ambapo joto ni riziki kama unga ulivyo riziki. Mahali hapo ni mji mdogo uitwao Lewiston, katika jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Nimeuchagua huo kati ya miji mingi ya theluji kwa sababu, ingawa uko mbali nasi, katika mitaa yake siku hizi watu huitana kwa Kiswahili.

Mji huo una watu wapatao 37,000. Umejengwa kando ya mto Androscoggin, penye maporomoko, na maporomoko hayo ndiyo yaliyoleta viwanda vya nguo katikati ya karne ya 19. Mifereji ilichimbwa, maji yakazungusha magurudumu, pamba ikasokotwa. Waliochimba na kusokota walitoka kwanza Ireland. Baadaye wakaja kwa treni maelfu ya Wakatoliki wasemao Kifaransa kutoka Quebec, nchini Kanada. Hao wa pili, kwa senti za mshahara wa kiwandani, walijenga kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, lililokamilika mwaka 1938 na kupewa hadhi ya basilika mwaka 2004. Viwanda vilikuja kufa, lakini nyumba za wafanyakazi zilibaki: nyumba za mbao, za ghorofa tatu au nne, zilizobanana mtaani. Tangu mwaka 2001 walianza kuhamia humo Wasomali. Wakafuata Wabantu wa Somalia. Kisha watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Angola. Hao Wabantu wa Somalia si wageni kwetu hata kidogo. Mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na kati yao wapo wanaosema Kizigua hadi leo. Wengi walijifunza Kiswahili katika kambi za Dadaab na Kakuma, nchini Kenya, kabla hawajapanda ndege kwenda kwenye baridi.

Sisi theluji tunaijua kwa macho, ile ya Kibo, nyeupe na nzuri, iliyoko juu kule isikomwamuru mtu chochote. Theluji iliyoshuka hadi kizingitini ni jambo jingine.

Mvua yetu hujitangaza juu ya bati. Theluji huanguka kimya, tena huufunika mji na ukimya wake, kwa kuwa imejaa hewa ndani yake na hewa hiyo humeza kelele. Mtu huamka usiku, asisikie gari wala mbwa, akajua kwamba imeanguka. Kabla hapajapambazuka yapita magari makubwa yenye bamba la chuma mbele, yakiisukuma theluji pembeni mwa barabara na kumwaga chumvi na mchanga nyuma yake. Chumvi huiyeyusha barafu, ila baridi ikizidi sana hata chumvi hushindwa. Usiku wa namna hiyo ni marufuku kuegesha gari barabarani, na asiyejua kusoma tangazo hulikuta gari lake limekokotwa, naye atalikomboa kwa fedha. Kisha wenye nyumba wanatoka na sepetu kusafisha njia ya mlangoni. Mtu ataichota theluji muda wa saa nzima mpaka njia iwe wazi. Mara lile gari la bamba linarudi, linaisukuma ya barabarani, na kumzibia tena palepale alipomaliza. Hapo utamjua mtu tabia yake!

Kazi hiyo si ya mchezo. Theluji iliyolowa ni nzito kama udongo, na kila mwaka wapo watu wa makamo wanaoshikwa na moyo wakiwa na sepetu mkononi. Halafu ni lazima kukumbuka mambo ambayo sisi hatuyawazi kabisa: kufukua bomba la zimamoto la mtaani, moto ukizuka lisitafutwe chini ya rundo, kusafisha matundu ya ukutani yatoayo moshi wa tanuri, kuacha bomba la jikoni lidondoke matone usiku kucha, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kama sehemu moja katika kumi na moja ya ukubwa wake, na hakuna chuma kitakachoyazuia. Bomba likipasuka ukutani usiku wa Januari, familia yahama asubuhi.

Majira ya baridi huko huleta theluji zaidi ya mita moja na nusu ikijumlishwa yote. Usiku wa Januari kipimajoto hushuka kwa kawaida hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, na ziko siku kinapofika 20 chini ya sifuri, baridi iliyozidi ile ya friza ambamo wenye maduka wetu huhifadhi nyama. Mwezi wa Desemba jua huchwa saa kumi alasiri. Watoto hutoka shuleni na kivuli kimekwisha kuwa kirefu, na mama anayefanya kazi zamu ya mchana huweza kukaa juma zima asilione jua isipokuwa kupitia dirishani. Kumvisha mtoto mmoja aende shule kwataka soksi mbili, buti, suruali ya juu ya suruali, koti, skafu, kofia na glavu. Na glavu moja daima imepotea. Wazia mama mwenye watoto sita, aliyezaliwa kando ya mto Juba, ambaye hadi utu uzima wake hakupata kuhitaji hata kitambaa cha kufunika masikio.

Nimesema joto ni riziki, na riziki ina bei. Katika jimbo la Maine zaidi ya nusu ya nyumba hupashwa joto kwa mafuta, ndugu wa dizeli. Lori huja likajaza tangi lililo katika chumba cha chini ya nyumba, tanuri likayachoma, joto likapanda vyumbani. Tangi hilo lina kipimo kidogo kama kile cha gari. Watu maskini wa huko hukitazama kipimo hicho kama mama zetu watazamavyo debe la unga mwezi wa Machi. Kampuni ya lori aghalabu haitaki kuja kwa ajili ya lita chache. Yataka ununue nyingi kwa mara moja, na mwenye fedha ya lita chache ndiye hasa anayezihitaji. Upo mpango wa serikali wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, tena unasaidia kweli, ila hautoshi kila tangi hadi mwezi wa Aprili. Hapo wazee huzima joto katika vyumba vyote wakabaki na chumba kimoja, wakalala na makoti.

Sasa nataka mlitazame pamoja nami jambo dogo la asubuhi ya siku ile. Theluji ikiisha kuanguka, mji wote huwa kama ukurasa usioandikwa, na kila atokaye huandika juu yake kwa nyayo zake. Mpeleka barua aliingia hapa, mtoto alipita pale, paka alikata bustani. Inapofika saa nne, mlango usio na nyayo waonekana mtaa mzima. Jirani mwema husimama na sepetu yake, akatazama, akajiuliza: bibi wa nyumba ile hajatoka, wala hakuna aliyeingia kwake. Pengine amelala tu. Pengine ameanguka tangu jana. Pengine tanuri limezimika. Basi huvuka, huchimba njia hadi mlangoni pake, akabisha hodi.

Bibi zetu vijijini walijua elimu hiyo kwa njia nyingine. Walitazama moshi. Jiko la nyumba fulani likipita asubuhi bila moshi, mtoto alitumwa kwenda kuomba kaa la moto, na kaa lenyewe lilikuwa kisingizio. Alitumwa kutazama kama kuna watu wazima mle ndani. Siku hizi tumejenga kuta na mageti ya chuma, moshi hauonekani tena, na wengine hupikia gesi. Sisemi gesi ni mbaya. Nauliza tu ni kwa ishara gani sasa mwaijua nyumba ambamo hapajawashwa kitu.

Ndugu wapendwa, katika Matendo ya Mitume twasoma jinsi meli iliyombeba Mtume Paulo ilivyovunjika karibu na kisiwa cha Malta. Waliofika salama ufukoni walikuwa watu 276, nao walikuwa wafungwa, askari na mabaharia, wenye lugha za kila namna. Mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwa kali. Wenyeji hawakuwauliza kwanza dini yao wala hati zao za safari; waliwasha moto mkubwa wakawakaribisha wote. Wahubiri hupenda sana kisa cha nyoka kinachofuata. Lakini kabla ya nyoka pana maneno machache ambayo ni rahisi kuyaruka: Paulo mwenyewe alikuwa amekusanya mzigo wa kuni na kuuweka motoni. Huyu ni mgeni, mfungwa, nguo zimemlowa mwilini, naye anaokota kuni za moto aliowashiwa na wenyeji!

Nimekileta kisa hiki kwa sababu kule Lewiston mambo haya mawili, moto wa wenyeji na kuni za mgeni, yamejaribiwa kweli kweli. Mwezi wa Oktoba mwaka 2002, meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwaomba wazee wa Kisomali wapunguze mwendo wa ndugu zao waliokuwa wakihamia, akisema mji umezidiwa. Barua ile ilisomwa mbali sana. Kikundi cha wabaguzi wa rangi kikatangaza kwamba kitakuja kufanya mkutano mjini, na siku iliyopangwa ilikuwa Januari 11, 2003. Siku hiyo, katika baridi yake ya Januari, wabaguzi waliotokea walikuwa makumi machache tu. Waliokusanyika upande wa pili wa mji, katika chuo cha Bates, ili kusema kwamba wageni wale ni watu wao, walikuwa maelfu. Walitoka majumbani wakavaa makoti na buti, wakaja. Wengi wao walikuwa wajukuu wa wale wasokotaji waliotoka Quebec, ambao nao katika siku zao walidharauliwa kwa lugha yao na kwa Ukatoliki wao. Kwa sheria ya mwaka 1919, shule za umma za jimbo zilitakiwa kufundisha kwa Kiingereza tu. Sisemi kwamba mji mzima uligeuka kuwa mtakatifu. Haukugeuka, na wageni wa huko watakueleza. Nasema tu kwamba moto uliwashwa.

Na kuni? Jimbo la Maine ndilo lenye watu wa umri mkubwa kuliko majimbo yote ya Marekani ukichukua umri wa katikati. Vijana wengi wa huko wamehamia kwingine. Basi ni nani amwogeshaye mzee katika nyumba ya wazee saa kumi na moja alfajiri, theluji ikiwa imefika magotini? Mara nyingi ni mama wa Kongo, au binti aliyezaliwa Kakuma. Shule zikifungwa kwa ajili ya dhoruba, redio hutangaza, watoto hufurahi. Lakini nyumba ya wazee haifungwi, na mama yule huondoka saa mbili mapema zaidi ili awahi zamu. Tena lipo jambo moja ambalo mimi hulifurahia kila ninapolikumbuka. Wazee wale wa ukoo wa Quebec, ambao lugha yao ya utotoni ilikuwa imekosa wa kuisema nao, wamepata wasemaji wapya wa Kifaransa: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda. Mzee aliyepoteza kumbukumbu ya mambo mengi huweza bado kukumbuka lugha ya mama yake, naye huitikiwa kwa lugha hiyo na mtu aliyetoka upande wa pili wa dunia.

Hapa sina budi nikatize kwa neno la tahadhari, ambalo ningeona ni dhambi kulinyamazia. Kuanzia Januari 5 hadi 9, mwaka 1998, mvua iliyogandia ilianguka juu ya Quebec na Maine, ikavika kila waya na kila tawi barafu nene, nguzo zikaanguka kama mabua. Zaidi ya nusu ya watu wa Maine walikosa umeme, wengine kwa majuma mawili au zaidi. Na tanuri la mafuta bila umeme haliwaki. Wenye majiko ya kuni walijaza majirani sebuleni. Hata hivyo wapo waliokufa, na sababu mojawapo haikuwa baridi bali moto: jenereta iliyowashwa ndani ya nyumba, mkaa uliochomwa chumbani. Yale yale yalitokea Desemba 2006 karibu na Seattle, magharibi ya nchi hiyo, baada ya dhoruba ya upepo, na wengi waliodhurika walikuwa wahamiaji. Gazeti la Seattle Times lililazimika kuweka onyo ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa. Ndugu zangu, mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Inapoingia katika damu huchukua mahali pa ile hewa tunayoishi kwayo, mtu akasinzia, asiamke. Na hapa kwetu, katika nyanda za juu, tumekwisha kuzika familia zilizolala na jiko la mkaa mlango umefungwa. Makatekista, lisemeni jambo hili kabla ya Juni, hata kama halimo katika kitabu cha mafundisho. Na mwenye ndugu katika nchi ya theluji amwambie vivyo hivyo, kwa maana desturi ya jiko husafiri pamoja na mtu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague somo hili katika mwezi huu.

Januari kwetu ni mwezi mrefu. Sikukuu zimekwisha, shule zinafunguliwa, karo inatakiwa, na sare, na viatu, na madaftari. Ndipo simu hupigwa kwenda ng'ambo. Kule nako ni Januari: tangi limekwisha, lori limeitwa, malipo ya joto ya mwezi mmoja yamelingana na karo ya muhula. Januari mbili zakutana katika simu moja, na hakuna hata mmoja anayesema uongo. Mama aliyeko Kigoma, au Bukavu, anasema mtoto amerudishwa nyumbani, ni kweli. Binti aliyeko Lewiston anasema, "Mama, nitajitahidi," naye amesimama jikoni na koti mwilini. Neno la joto halitajwi. Mama hajui kuuliza, na binti anaona haya kueleza, kwa sababu alituma picha. Katika picha ile yuko katikati ya theluji, nyeupe kama pamba, anatabasamu, na sisi tulioiona tulisema: huyu amefika peponi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, wamfahamu mtu wa namna hiyo katika ukoo wako? Ulipompigia mara ya mwisho, uliuliza nini kwanza? Mimi sisemi wasiombwe. Familia ni familia, na mtoto aliyerudishwa shuleni ana haki ya kuombewa karo kwa shangazi yake popote alipo. Lakini mtu akisema, "Mungu akubariki mwanangu, ukae salama, utume mapema," huku hajui kama huyo mwanawe analala penye joto, basi yule mtu wa Waraka wa Yakobo si tajiri wa zamani peke yake. Twaweza kuwa sisi, tena maskini, tena kwa simu. Maneno matamu hayahitaji utajiri. Na lile linalotakiwa hapa halina gharama ya shilingi: ni kumwuliza, "Je, nyumba ina joto? Tangi lina kiasi gani? Buti za watoto zinavuja?" kisha kunyamaza mpaka ajibu kweli. Akijibu kwamba mwezi huu hapana, ukoo ukae hapa nyumbani utafute njia nyingine ya karo, hata kwa kuuza mbuzi, bila kumsema vibaya kwamba amepotea Ulaya na Marekani akasahau kwao.

Nanyi mnaosikiliza mkiwa katika baridi yenyewe, au mtakaosimuliwa maneno haya na jamaa zenu: msione haya. Mtume Paulo hakuona. Tazameni mwisho wa Waraka wa Pili kwa Timotheo. Ni mzee, yu kifungoni, rafiki wengi wametawanyika, Luka peke yake ndiye aliyebaki naye. Amekwisha kuandika juu ya vita vizuri na juu ya taji ya haki, maneno makuu ambayo tunayasoma kwenye mazishi ya mapadre. Halafu, bila kubadilisha sauti, anaomba koti. Anasema alipoliacha: Troa, kwa mtu aitwaye Karpo. Aliletewa Injili ulimwengu mzima mtu huyu, na bado mabega yake yalihisi baridi, akasema. Akataja na vitabu, lakini joho lilitangulia.

Kisha mistari michache baadaye anarudia ombi lake na kuliwekea muda: Timotheo afanye bidii aje kabla ya majira ya baridi. Alikuwa na sababu. Bahari ya Mediteranea siku zile haikusafiriwa wakati wa baridi; kufikia mwezi wa Novemba meli zilikuwa zimevutwa bandarini hadi majira mapya yafunguke, na aliyechelewa alichelewa miezi. Waraka hautuambii kama kijana alifika kwa wakati. Hautuambii kama alipita Troa, akabisha kwa Karpo, akaliona lile joho limetundikwa mahali lilipoachwa. Twajua tu kwamba ilimpasa aondoke upesi, siku ile ile aliyoupokea waraka, maana kama alikaa kwanza kuandika majibu mazuri, meli ya mwisho ilikwisha kung'oa nanga.

Tumsifu Yesu Kristo.